Waliofungiwa Nje

Mama Laurentine aliilaza simu yake juu ya gunia la maharagwe, kioo kikitazama juu, kisha akaisukuma kwa ncha ya kidole kama mtu anayemsogeza mdudu asiyejua kama anauma.

"Mama, unisomee haya maneno," alisema. "Macho yangu haiko muzuri tena. Lakini usinifiche. Soma vile iko."

Katungu aliinama. Kwenye kioo kilichopasuka pembeni palikuwa na picha ya ukurasa mweupe, na katikati ya weupe ule sentensi mbili ambazo hakuhitaji kuzisoma, kwa kuwa ndiye aliyezitunga. *Huna ruhusa ya kuingia hapa. Ukiona umekosewa, mwandikie msimamizi kupitia ukurasa wa mawasiliano.*

Alizisoma hata hivyo, kwa sauti, neno kwa neno. Nje ya ghala wapakuaji walikuwa wakirushiana magunia na kutaniana. Mvua ya Februari ilikuwa imetulia kidogo, na harufu ya udongo mwekundu wa Lubumbashi iliingia mlangoni pamoja na mgeni huyu mwenye matope hadi magotini, aliyetoka Annexe, pembezoni mwa mji, kwa miguu tangu alfajiri.

"Nani alikutumia, mama?"

"Mutoto wangu, Emery. Alikuwa anafanya kazi ya kutengeneza motokari kule Goma. Siku mji ulianguka alikimbia na wenzake, eko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Simu hana, balimunyang'anya njiani. Anaazima ya bantu. Alisikia kama kwenu hapa muntu anaandika jina, na ndugu yake anamuona. Kila akipata simu anajaribu, na kila akijaribu anaona haya." Alikigusa kioo. "Mara ya mwisho alinitumia na sauti. Anasema: mama, bantu ya Lubumbashi banatukataa. Banaona sisi tulivuka, basi tuko ba adui. Anasema kama hakuna muntu anamutafuta, atarudi Goma, kifo kimukute kwake. Miye napiga ile namba, haiingie tena."

"Sasa," mama yule aliendelea, kwa utulivu wa mtu aliyeyafikiria mambo njia nzima, "hapa banasema umuandikie huyu musimamizi ku ukurasa wa mawasiliano. Ule ukurasa uko wapi?"

"Uko ndani."

"Ndani ya hii nyumba iko imefungwa?"

"Ndiyo, mama."

Mama Laurentine hakuuliza ni nani aliyejenga nyumba ya namna hiyo.

Tovuti ile haikuzaliwa kwa ajili ya watu. Ilizaliwa kwa ajili ya mizigo. Papa Séverin, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo akiwa kijana na kuotesha mizizi mtaani Hewa Bora, alikuwa amechoka kuulizwa na wateja malori yamefika wapi. Akamwomba Katungu, binti wa rafiki yake wa utotoni na mtunza kompyuta za ghala, ajenge mahali ambapo kila mteja angeingia kwa neno lake la siri, aone kama vitenge vyake viko Tunduma au vimekwama Kasumbalesa. Kazi hiyo Katungu aliifanya vizuri, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeandika humo neno lolote lisilohusu magurudumu na maturubai.

Kisha Januari ile Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukanyamaza, na watu wakatawanyika kama mtama uliomwagika kwenye changarawe. Siku moja mtu asiyemjua aliandika penye nafasi ya kuulizia mzigo: *Sitafuti mzigo. Natafuta mke wangu. Tulipotezana kwenye barabara ya Sake.* Katungu aliyasoma, akafungua ukurasa mpya bila kuomba ruhusa kwa mtu. Haukupita muda malori yakasahaulika. Watu waliandika majina, wakaandika alama za mwilini, wakaandika rangi ya sweta ambayo mtoto alikuwa ameivaa. Wapo waliopatana, mzee mmoja wa Katuba alimpata mkwewe Minova, akaja ghalani kumshika Katungu mikono yote miwili bila kusema kitu. Katungu naye aliandika ya kwake: *Dorcelle, mdogo wangu, na wanawe Précieuse na Hénoc, wakazi wa Katoyi, Goma.* Hakuna aliyejibu.

Lakini penye msiba hapakosekani anayekuja kwa ajili ya chungu. Matapeli walianza kuchota majina na namba za simu kwenye ukurasa ule, wakawapigia wazazi: tunaye mwanao, tuma fedha kabla jua halijazama. Shemeji yake Papa Séverin aliuza mashine yake ya kusaga amkomboe kijana wake ambaye, ilikuja kubainika, alikuwa amekwisha kuzikwa. Wakati huohuo wasiojulikana walianza kuibishia hodi tovuti mfululizo wakijaribu maneno ya siri, kama mwizi aliyekalia kizingiti na rundo la funguo.

"Funga," Papa Séverin alimwambia Katungu siku ile, macho yamevimba kwa kilio cha shemeji yake. "Wa nje ya nchi wote, funga. Na wa ng'ambo ile kuliko wote. Huko ndiko mabaya yetu yanakotoka."

Katungu aliweka mlinzi. Ilikuwa programu ya ulinzi, ambayo husimama mlangoni mwa tovuti na kumtazama kila anayebisha: anatumia mtandao wa nchi gani, amekosea mara ngapi. Aliipa kanuni mbili. Asiyetoka Kongo asiingie. Atakayekosea neno la siri mara tatu afukuzwe, awe nani. Angeweza kukumbuka kwamba watu wengi wa Goma hutumia laini za simu za ng'ambo, kwa kuwa mnara wa jirani una nguvu kuliko wa nyumbani. Angeweza kukumbuka kwamba anayekimbia risasi hukimbilia penye mpaka ulio karibu, hachagui bendera. Kusema kweli, alikumbuka. Ila moyo wake ulikuwa umejaa nyongo, Dorcelle hakuwa na habari, na nyongo hutaka mahali pa kumwagikia. Zile sentensi mbili alizitunga bila haraka, akichagua kila neno, na zilipokamilika alihisi utamu ambao hakuutarajia. Tangu hapo kila asubuhi mlinzi alimletea taarifa kwamba amewazuia wengi, na Katungu aliipokea kama mwenye shamba anayeonyeshwa panya walionaswa. Hakufungua hata mara moja kuangalia ni kina nani.

Sasa panya mmoja alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa ameketi mbele yake akikamua maji kwenye upindo wa kitenge.

"Ungoje hapa," Katungu alisema. "Nitafungua. Ni kazi ndogo."

Siku zile mtandao wa mji ulikuwa umekufa. Ilisemekana waya mkuu umekatika mahali fulani, na kila kampuni ya simu iliisingizia nyingine. Ghala liliponea kwenye kisahani cha setilaiti ambacho dereva mmoja wa Papa Séverin alikileta kutoka Ndola na kukifunga juu ya bati jana yake. Katungu aliketi mbele ya kompyuta, akaita tovuti yake.

Ukaja ukurasa mweupe. *Huna ruhusa ya kuingia hapa.*

Alidhani amekosea herufi. Akarudia. Maneno yakaja yaleyale, matulivu, yenye adabu. Ndipo alipoinua macho kuelekea kwenye paa na kuelewa. Kisahani kilinunuliwa Zambia, kikasajiliwa Zambia. Kwa mlinzi aliyemweka kwa mkono wake, yeye Katungu alikuwa mtu wa nje. Alikaa akiyatazama maneno yake, nayo yakimtazama.

Mama Laurentine alikuwa amesogea nyuma ya kiti. Herufi hakuziona, lakini weupe ule aliutambua.

"Njo ileile," alisema polepole. "Na weye?"

"Na mimi, mama."

"Kumbe. Kwetu Annexe kuko mahali bantu banapandaka, mutandao inakamata. Si mingi. Lakini iko ya hapa, ya Kongo."

Walikodi pikipiki, wakabanana watatu na dereva, wakapita mitaa ya Kampemba iliyojaa madimbwi hadi nyumba zikaanza kuachana, mahindi yakachukua nafasi zake. Mahali penyewe palikuwa kichuguu, kimoja cha vile vichuguu vikubwa vya Katanga vinavyoishinda nyumba kwa kimo, kikiwa katikati ya shamba la mtu. Mvua na nyayo zilikuwa zimechonga ngazi ubavuni mwake. Watu walipanga foleni chini. Mmoja alipanda, akainua simu kama anayetoa sadaka, akasema na mtu wake kwa kelele, akashuka akifuta uso, mwingine akapanda.

Zamu yake ilipofika Katungu alivua viatu, akapanda. Juu kabisa simu ilipata alama moja ya mtandao, ikaipoteza, ikaipata tena. Tovuti ilifunguka. Kwa furaha alitaka kumwita mama yule aliyesimama chini, lakini wakati huohuo mvua ikarudi. Alianza kuandika neno la siri. Tone likabonyeza herufi asiyoitaka. Limekosewa. Alifuta kioo kwa kifua cha blauzi, akaandika upya, vidole vikiteleza. Limekosewa. Alipaswa kushuka na kusubiri mvua ipite. Aliijua kanuni kuliko mtu yeyote duniani. Lakini watu walikuwa wakimngoja, alama ya mtandao ilikuwa ikififia, na kichwani mwake kulikuwa na kijana anayefunga kibunda chake kurudi Goma. Akaandika mara ya tatu.

Ukurasa mweupe ulimjia, ukiwa na matone ya mvua juu yake.

Alichuchumaa palepale juu ya kichuguu, akauficha uso kwa mikono, akalia kwa sauti, mwanamke mzima, mbele ya foleni ya watu. Hakuna aliyemcheka; wengi walidhani amepokea habari ya kifo, na habari hizo kilima kile kilikuwa kimezizoea. Alimlilia Emery asiyemjua. Alimlilia Dorcelle. Alililia zaidi ule utamu wa siku ile, ambao sasa alikuwa akiutapika.

"Shuka," sauti ya Mama Laurentine ilitoka chini, kavu. "Bengine banangoja."

Aliposhuka, mama yule hakumshika bega wala hakumpa pole.

"Miye sikukuya kukuona unalia. Machozi niko nayo kwangu mingi. Nilikuya juu ya mutoto. Kuko njia ingine, ao hakuna?"

Katungu alivuta pumzi. "Iko moja."

"Basi mbona hatukuanza nayo?"

Hilo alilijibu njiani, akipaza sauti kushinda injini ya pikipiki. Tovuti ni kama nyumba ya kupanga: faili zake zote zimehifadhiwa kwenye mashine za kampuni ya mbali, na kampuni hiyo ina mlango wake ambao mlinzi hausimamii. Kwa mlango huo angeweza kufika hadi chumbani kwa mlinzi mwenyewe na kumlaza usingizi. Lakini asingeweza kumlegeza. Angeweza kumwondoa tu, mzima mzima. Wote wangeingia, na matapeli wakiwemo.

Papa Séverin walimkuta amekaa kando ya mizani, kofia juu ya goti. Alimsikiliza Katungu hadi mwisho, kisha Mama Laurentine akasema jina la mwanawe na mahali alipo, si zaidi.

"Ukimwondoa mlinzi, wale mbwa watarudi," mzee alisema.

"Watarudi, Papa. Lakini namba za simu nitazificha, zisionekane na yeyote. Kila ujumbe upite kwangu kwanza, niusome, ndipo nimkutanishe mtu na mtu wake. Ni kazi kubwa, ila nitaifanya. Ilinipasa kuifanya tangu mwanzo."

"Na usipoweza kumtambua tapeli? Ulimwona shemeji yangu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Binti yangu, nakuonea huruma. Na huyo mama pia namwonea huruma. Lakini wanaovuka ule mpaka, nani anajua mioyo yao? Hata Dorcelle angekuwa kule angekwisha kukupigia."

"Kwa simu ya nani, Papa?"

Mzee aliigeuza kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo. Wakati huo umeme ukakatika. Feni ilizunguka mizunguko michache ya mwisho ikakwama, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Katungu alisimama kati ya magunia. Hasira hakuwa nayo tena. Alikuwa na uchovu tu, ule wa mtu aliyejifunga kamba mwenyewe na sasa haoni ncha yake.

Papa Séverin aliinuka, akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Katungu alidhani amekwenda zake. Kisha akasikia kamba ya jenereta ikivutwa, ikigoma, ikivutwa tena, na mzee akikohoa katikati ya mivuto ile, mpaka mashine ikanguruma na taa zikawaka. Hakurudi ndani. Alibaki nje kando ya jenereta, mgongo ameuelekeza ghalani.

Katungu aliketi. Mlango wa kampuni ile ya mbali ulimkubali mara moja, jambo lililomshangaza kama mtu anayesukuma ukuta na kukuta ni pazia. Aliteremka kutoka folda hadi folda mpaka akaifikia folda ya mlinzi, akaliongezea jina lake neno moja, *lala*. Programu inayoitwa kwa jina ambalo si lake haiamki. Akaiita tovuti upya. Ilifunguka kama ilivyokuwa zamani, na malori yake yaliyochorwa juu, na chini yake ule ukurasa wa majina.

Kwanza alizificha namba za simu. Kisha akaziba njia ya ujumbe kuonekana kabla hajausoma. Ndipo akamgeukia mgeni wake.

"Niambie tumwandikie nini Emery. Akiazima simu yoyote na kufungua, aone."

Mama Laurentine alijiweka sawa kitini, akanyoosha kitenge, kama aliyeitwa kupigwa picha.

"Andika: Emery, ni mama yako. Miye niko, ninakutafuta. Hakuna muntu anakukataa. Ile maneno ilikuwa kosa." Alimtupia Katungu jicho, akaendelea. "Usirudi kule. Ubakie palepale uko, utume jina ya mahali. Nitakuya miye mwenyewe kama nguvu itaniruhusu."

Katungu aliandika kila neno kama lilivyotamkwa, bila kusahihisha herufi. Aliutuma. Kisha wote wawili wakakigeukia kioo, wakangoja.

Haikuchukua muda wakaanza kuingia. Walikuja kwa kusitasita, kama watu waliozoea kufukuzwa wanaoukuta mlango uko wazi na kudhani ni mtego. *Kuna mtu?* mmoja aliandika. *Leo mmefungua?* Mwingine aliandika jina lake mara kadhaa bila neno jingine. Fundi cherehani mmoja alikuwa Gisenyi na mama yake kiziwi. Muuguzi mmoja alikuwa bado Goma, akitumia laini ya ng'ambo kama siku zote, akiulizia wazazi wake waliohamia Likasi. Katungu alisoma kila ujumbe kwa sauti, na baada ya kila mmoja Mama Laurentine aliuliza, "Ni yeye?" naye akajibu, "Si yeye, mama. Bado." Lugha ya watu hawa haikuwa lugha ya adui. Ilikuwa lugha ya nyumbani, ile ya sokoni Birere, kule Goma, na ya msibani.

Kisha ukaja ujumbe mrefu, na Katungu akauanza kwa sauti.

"*Mimi si mtu wa kwenu. Nimezaliwa huku Gisenyi, nauza mboga. Nimejaribu siku nyingi kuandika hapa, mnanikatalia. Leo nimejaribu tena, sijui kwa nini, na mmenifungulia. Kuna watoto wawili walilala kwangu tangu siku ya risasi. Msichana anaitwa Précieuse…*"

Hapo alinyamaza. Macho yaliendelea peke yake. *Msichana anaitwa Précieuse na ndugu yake Hénoc. Mama yao aliwaacha kwangu, akasema anarudi nyumbani kuchukua dawa ya mtoto, hakurudi. Msichana alisema mama yake mkubwa yuko Lubumbashi, anafanya kazi ya malori, jina Katungu. Nilijaribu kuwaandikia, nikajaribu. Nilipoona hamfungui, nikafikiri huko hawatakiwi. Juma lililopita niliwakabidhi kwa wanaopokea watoto waliopotezana na wazazi. Wamepelekwa kambini, sikuambiwa ipi. Msichana alikuwa akinyamaza sana. Kama kuna anayemjua huyo Katungu, mwambieni watoto walikuwa wazima walipotoka kwangu.*

"Ni Emery?" Mama Laurentine aliuliza.

Katungu alitikisa kichwa. Juma lililopita alikuwa ameketi kwenye kiti hikihiki, kikombe cha chai mkononi, akisoma taarifa ya mlinzi. Alijaribu kukumbuka idadi iliyoandikwa asubuhi ile, kana kwamba angeweza kuingia ndani yake na kumchomoa mwanamke mmoja muuza mboga.

"Basi ni wako," mama yule alisema, akiusoma uso wake badala ya kioo.

Hakungoja jibu. Alivuta kiti chake hadi kikagusana na cha Katungu, akakaa ubavuni mwake, bega kwa bega, akinukia mvua na moshi wa kuni. Nje jenereta lilikwama kidogo likaendelea. Mtu alikuwa akiliongezea mafuta.

Katungu aliweka vidole juu ya vitufe. Kulikuwa na asante ya kuandika, na kulikuwa na msamaha wa kuomba, na kulikuwa na maswali mengi kiasi kwamba lililotangulia lilizibwa na lililofuata: kambi ipi, gari la rangi gani, Précieuse alivaa nini, Dorcelle alielekea barabara gani. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, akafuta. Mwishowe aliandika maneno matatu, *Katungu ni mimi*, akayatuma jinsi yalivyokuwa.

Majina mapya yaliendelea kuingia chini ya maneno yale, moja baada ya jingine. Alianza kuyasoma kwa sauti, polepole, na baada ya kila jina wote wawili walipima kama ni la mtu wao kabla ya kuendelea na linalofuata.